Shiromani ya Koko kwenye Kompyuta ya Bwana Harusi

Shemeji yangu alipomuoa dada yangu alileta dhahabu, kama ada inavyotaka, na kompyuta, ambayo ada haikuitaka. Dhahabu ilitembezwa kwenye masinia, vigelegele vikasikika Magoudjou nzima, mtaa wetu hapa Moroni. Kompyuta iliingia kimya kimya ndani ya boksi la televisheni, maana hakuna aliyejua kompyuta hupigiwa nini. Ilikuwa imetumika Marseille mpaka wenyewe wakaichoka. Ukiibonyeza kabla ya adhuhuri, inaitika watu wakitoka msikitini.

Bibi yetu mzaa mama, Koko kama tunavyowaita bibi kwetu, yuko Mutsamudu, kisiwa kingine, na hakuja harusini. Kisiwa chao kilikuwa kimetangaza kujitenga, wakubwa wakawa wananuniana, na kupata ndege ya Ouani, uwanja wa huko, ikawa bahati tu. Alikuwa ametuma mapema shiromani, ile nguo nyekundu na nyeupe wanayojitanda wanawake wa huko, mama aivae siku ya kumtoa binti yake. Lakini siku zile, mwanamke aliyetembea Moroni na shiromani alijitafutia maneno. Sokoni Volo Volo mama alikuwa akiulizwa anarudi lini kwao, yeye aliyetuzalia hapa hapa. Akaacha kuivaa barabarani. Umbea hauhitaji ndege, ukamfikia Koko, naye akaleta neno: "Nileteeni kaseti ya harusi. Nataka kuona kama mwanangu amenionea haya."

Mama aliivaa, tena mbele ya wanawake wote. Taabu ni kwamba kamera ilishikwa na jirani yetu, na jirani alipiga dari, masahani ya wageni, na shoga zake kutoka kila upande. Mama alikuwa humo mahali fulani, kama chumvi kwenye pilau. Na huko Mutsamudu umeme ulikuwa unakuja kama mgeni mwenye haraka. Kaseti zote zile zisingefaa. Ilitakiwa moja fupi, kabla mwanamke mmoja mfanyabiashara wa sokoni, ambaye angeibeba, hajapata nafasi ya kusafiri kwenda huko.

Kazi ikaangukia kwa bibi harusi mwenyewe. Kwetu maharusi hufungiwa ndani siku za mwanzo, wanalishwa tu, na dada alikuwa amechoka kulishwa. Kompyuta aliijua shemeji peke yake. Lakini hizo zilikuwa picha za wanawake, wamevua buibui, wanacheza, na mwanamume haruhusiwi kuziona hata kama kompyuta ni yake. Basi tukafunga pazia. Mwalimu akakaa upande wa sinia la kuku, wanafunzi upande wa mashine: dada mwenye mikono ya hina, na mimi mwenye mdomo.

"Funga kila kitu kingine kilichofunguka humo," shemeji akasema, sauti ikipenya katikati ya paja la kuku.

"Nimefunga."

"Sasa ipe kipande kidogo tu. Ukiipa harusi nzima itazimia."

Dada alikuwa ameshaipa harusi nzima, na juu yake maua yanayozunguka kila picha inapobadilika. Ikazimia. Mimi nikaisomea dua ya maiti, nikapigwa kofi la hina.

Hapo ndipo nilipoanza kumstaajabia, ingawa sikumwambia, asije akavimba kichwa. Mimi ningeitupa baharini ile mashine. Yeye aliiwasha upya, akayafuta maua yote, akaanza kama anayechambua mchele: anakata kipande, anahifadhi, anasubiri, anakata kingine. Umeme wa Moroni nao ulipokatika, alipoteza kile cha mwisho tu. Polepole shoga za jirani wakapungua, na dari likaondoka.

Mama tukampata. Alitokea nyuma ya shangazi mmoja mpana, shiromani imemfunika, akapotea. Ukikohoa, umemkosa. Nikasema Koko atadhani mama amekuja kuiba kuku. Sikujua mama mwenyewe amesimama nyuma yetu.

"Kama ni hivyo tu, msipeleke," mama akasema, akaenda zake jikoni.

Dada akakirudisha kipande mwanzo. Mashine ikakwama kama kawaida yake: wimbo wa wanawake ukaendelea, picha ikaganda. Nikainua mkono niizabe.

"Usiiguse," dada akasema.

Ilikuwa imeganda kwa mama. Uso wote, shiromani yote, mkono wake juu ya kichwa cha binti yake. Dada, ambaye alikuwa bado hajaamua amuite mumewe nani, alikohoa kuelekea pazia.

"Imekwama?" shemeji akauliza.

"Imekwama vizuri. Nikitaka ikwame hivi kwa makusudi, nafanyaje?"

Kuku akawekwa chini. Kwa maelekezo ya mtu asiyeona kitu, dada aliichukua ile picha moja, akaitandaza chini ya wimbo, na mama akasimama kwenye kioo mpaka wimbo ukaisha. Tukairekodi kwenye kaseti huku tumebana pumzi, na yule mfanyabiashara akaenda nayo.

Yeye huyo ndiye aliyerudi na habari. Koko aliwaita wanawake wa kichochoro chake chote. Picha iliposimama, mmoja akainuka aizabe mashine ya video akidhani imekwama, Koko akamkalisha kwa jicho. Akatazama mpaka mwisho, kisha akatoa salamu za kuletwa:

"Mwambieni kajitanda kama watu wa Moroni. Lakini kajitanda."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaitoa shiromani sandukuni, akajitanda upya mbele ya kioo, safari hii kama wanavyojitanda kwao, akachukua kikapu kwenda Volo Volo. Nikamfuata nyuma, majibu yangu yote makali nimeyapanga mdomoni. Yakaniozea humo humo. Muuza samaki alimtazama mama, akaitazama nguo, akamuuliza kama na kichwa cha samaki anakitaka.