Aliyenipigia Stata Njia ya Hombolo

Anayetaka kucheka acheke. Mke wangu Mwanaidi yu hai, kamuulize mwenyewe, maana haya yalitukuta wote wawili.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anakimbilia biashara. Mimi nikanunua pikapu kuukuu mnadani, ya kubebea zabibu za Hombolo. Fundi wake nilikuwa mimi mwenyewe. Nilishalifungua lile gari hadi nikalijua kuliko ndugu zangu.

Jioni moja Mwanaidi akashikwa na uchungu kabla siku zake hazijatimia. Nikampakia mbele, tukashika njia ya hospitali, Dodoma mjini. Tukiwa tunapanda kilima, gari likazima. Dizeli imeingiza upepo, haifiki kwenye injini. Breki ya mkono ilishakufa zamani, kwa hiyo nikasukumia mawe nyuma ya magurudumu. Sasa, kutoa upepo kunataka watu wawili: mmoja alegeze nati kwenye injini, mwingine apige stata. Mwanaidi alikuwa amejikunja kwenye kiti, analia. Nusura nilie naye.

Ndipo akatokea mzee mmoja mwenye ovaroli. Alitoka wapi? Sijui mpaka leo. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akaingia kwenye usukani. Nikalegeza nati, stata ikalia, povu la dizeli likatoka mpaka likaisha, nikakaza. Gari likawaka. Niamini, nilitaka kumkumbatia.

"Ahsante, mzee. Sasa nipishe niwahi."

Hakushuka. Alikuwa amekanyaga breki, anatazama mbele tu. "Toa mawe barabarani kwanza."

"Mzee, mke wangu anajifungua."

"Na mimi nilikuwa nampeleka wangu," akasema. "Aliyeharibikiwa mbele yetu hakutoa mawe yake. Hatukufika."

Nikayabiringisha mawe hadi porini, nikarudi mbio mlangoni. Kiti kitupu. Gari limesimama kilimani bila jiwe, bila mtu kwenye breki, na halirudi nyuma hata kidogo. Nikaruka ndani nikakanyaga mafuta.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Mwanaidi akauliza. "Stata ilikuwa inajipiga yenyewe. Nilidhani ni uchungu unanichanganya."

Niliogopa kweli kweli. Gari nalo lilikuwa zito nyuma, na sikuwa nimepakia kitu.

Kwenye geti la hospitali mlinzi akachungulia nyuma ya pikapu. "Na huyu mama mwingine, naye anajifungua?"

Nikageuka. Palikuwa na tairi la akiba, basi. Mwanaidi akanibana mkono, akaninong'oneza, "Mwambie huyo mama tumefika."

Nikasema, "Mama, tumefika. Shuka."

Springi zikalia. Gari likainuka nyuma, kama linavyoinuka ukishusha matenga ya zabibu.

Binti yetu alizaliwa salama. Ila mimi tangu siku ile situlii barabarani. Nikiona jiwe nasimama nilitoe, abiria watukane watakavyo. Nawe unayejitengenezea gari njiani, likishawaka usiondoke hivi hivi. Hujui nani anakuja nyuma yako, na amembeba nani.