Kitambaa Cheusi cha Kinyozi

Mimi ndiye niliyemnunulia mume wangu kile kitambaa cheusi, na sikununua kwa wema.

Tuna chumba kimoja cha kazi, tumekikata katikati kwa pazia. Upande wa barabarani ananyoa yeye, upande wa ndani nasuka mimi. Watu wanamwita Kichaka kwa sababu ya nywele zake, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na mama yake. Nywele nene, zimesimama, anazichambua mbele ya kioo kila asubuhi kabla hajanijulia hali. Anasema kichwa chake ndilo bango la duka. "Nani atampa kichwa chake kinyozi mwenye kipara?" huniuliza. Mimi husema sijui, maana ukimbishia asubuhi hamfungui duka mpaka mchana.

Shida ilianza zilipoanza kupungua mbele. Marehemu mkwe wangu, baba yake, alikuwa na kipara tangu ujanani, na Kichaka alikua akisikia watoto wenzake wakikitania. Kwa hiyo siku alipoosha kichwa akaona nywele zinaelea kwenye beseni, akakata shauri kwamba maji ndiyo yanayozing'oa. Akaacha kuosha. Mwili anaoga asubuhi na jioni, kichwani kavaa mfuko wa plastiki. Badala ya maji akawa anajipaka mafuta aliyoyachanganya mwenyewe, ya nazi, limau, na kitu cha tatu ambacho hata mimi mkewe hajanitajia. Kichwa kikaanza kumwasha. Akawa anajikuna kwa mkia wa kichana, akijikuna nywele zinakatika, zikikatika anaongeza mafuta.

"Baba watoto," nikamwambia, "huo ni mba. Osha kichwa."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe kazi yako ni kusuka. Mambo ya ngozi ya kichwa tuachie sisi mafundi."

Sisi mafundi. Mimi nimeshika vichwa vya watu miaka kumi na saba. Neno lile nililiweka.

Sasa, kitambaa chake cha kuwafunika wateja kilikuwa cheupe, na juu ya kitambaa cheupe mba hauonekani. Wiki ile nikamletea cheusi, kizuri, kina kifungo shingoni. Nilitaka aone kwa macho yake. Alifurahi, akasema sasa duka limepata heshima. Macho yake hayako sawa na miwani hataki, kwa hiyo akinyoa huinama mpaka kidevu kinakaribia sikio la mteja. Siku ya kwanza, mteja wa tatu, nikiwa nyuma ya pazia nikamsikia akimwambia:

"Kijana, una mba mbaya sana."

Kuona, basi, aliona. Lakini kinyozi akikuta kitu cheupe kwenye kitambaa anajua kimetoka kwenye kichwa anachokinyoa. Ndivyo walivyofundishwa wote, na ndivyo ilivyo siku zote. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba kitu chenyewe kinadondoka kutoka juu.

Kuanzia hapo hakuna aliyepona. Karani, mba. Fundi baiskeli, mba. Kila mmoja alipewa mawaidha na chupa ya mafuta ya kununua. Mimi upande wangu nilikuwa naling'ata pazia. Siku moja nilicheka mpaka nikamvuta nywele mteja wangu, muuguzi wa zahanati, akaniuliza kama namsuka au namng'oa. Nilipaswa kumwambia mume wangu. Sikumwambia. Nilijisemea, acha mafundi wafanye kazi yao.

Halafu akaja Mwalimu Mkuu. Huyu alikuwa mteja wa Kichaka tangu duka lifunguliwe, na walimu wenzake wote walikuja kwa kumfuata yeye. Kichwa chake ni kipara kitupu, kimebaki na ukanda mwembamba wa mvi nyuma ya masikio. Kila Jumamosi ya pili hukaa kwenye kiti, Kichaka humfunga kitambaa, husimama nyuma yake kwa adabu na kumuuliza, "Leo tupunguze kiasi gani, Mwalimu?" Naye hufikiri kwanza, kisha husema, "Kidogo tu, fundi. Pembeni." Siku zote swali hilo lilinichekesha.

Jumamosi ile, baada ya kumpunguza pembeni, nikamsikia Kichaka akisema, "Mwalimu, samahani, ila mba umekuzidi."

Nikachungulia. Mwalimu Mkuu alikitazama kitambaa, akakitazama kipara chake kwenye kioo, kisha akakitazama kichwa cha Kichaka kilichoinama juu yake. Akanunua chupa, akaaga. Jumamosi zake zilizofuata akanunua tena, na tena.

Wengine hawakuwa na moyo huo. Mtu hapendi kuambiwa ana mba mbele ya benchi zima. Karani akahama, fundi baiskeli akawa anapita upande wa pili wa barabara. Benchi likaanza kubaki na watu wawili, kisha mmoja. Na Jumamosi ya mwalimu ikafika, yeye hakuja, wala mwalimu mwingine yeyote. Kichaka alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, kitambaa mapajani, akitazama mlango. Saa nane akasema taratibu, "Hata Mwalimu ameniacha. Wameziona nywele zangu zinavyokwisha. Nilijua itafika siku hii."

Hamu yote ya kucheka ikaniisha. Niliona haya, nawaambieni kweli. Nilikuwa nimemwacha mume wangu ajiharibie kazi kwa sababu ya neno moja.

Nikachukua kile kitambaa nikakitandaza mezani. "Inama," nikamwambia. "Jikune."

Akajikuna. Mba ukadondoka kama unga uliochekechwa. Akautazama, akaugusa kwa kidole, akatazama upande wa benchi tupu. Nilimwona akiwahesabu kichwani mmoja mmoja, karani, fundi baiskeli, wote, mpaka akafika kwenye kipara.

"Na Mwalimu?" akaniuliza.

"Na Mwalimu."

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu mteja wa tatu."

Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliingiza mkono kwenye droo ya mashine akatoa kibiriti. Ndani hamkuwa na njiti, mlikuwa na nywele zake, zimekunjwa vizuri, zile alizoziokota kwenye beseni siku ya mwisho alipoosha. "Nikiosha zinaondoka," akasema. "Naogopa, mke wangu."

Sasa ningemfanyia mzaha gani tena mtu huyo? Nikaleta beseni mbili. Nikafumua nywele zangu, nikaosha kichwa changu kwenye moja, yeye nikamwosha kwenye nyingine. Tukazihesabu. Zake zilikuwa themanini na moja, baada ya wiki zote hizo za kukaa bila kuosha. Zangu mia na tisa. Akanitazama kichwa, ambacho kila mtu anajua kina nywele za kutosha watu wawili, akahesabu tena za kwangu.

"Na bado unazo zote hizo?"

"Hizo zilikwishakufa, bwana. Maji yanazipeleka tu."

Yule muuguzi alipokuja kusukwa nikamwita upande wa barabarani. Alimkagua, akamwambia mba unasababishwa na fangasi anayeishi kwenye ngozi na kula mafuta ya ngozi, sasa yeye amekuwa akimwandalia karamu kila asubuhi. Limau nalo linachoma ngozi. Aoshe mara mbili kwa wiki kwa shampuu ya dawa, aiache kichwani dakika tano, aache kujikuna. Nywele zilizokatika kwa kukunwa zitaota. Kichaka akauliza, "Na za mbele?" Muuguzi akaniangalia mimi kwanza. "Baba yako alikuwaje?" Akaonyeshwa picha ya mkwe wangu ukutani. "Basi hizo za mbele hazikuguswa na mba," akasema. "Hizo ni urithi."

Baada ya wiki sita kichwa kilikuwa safi, hakiwashi, na pembeni zimejaa. Mbele palizidi kupanuka. Hakukaa tena mbele ya kioo.

Jumamosi moja mlango ukafunguliwa akaingia Mwalimu Mkuu, na walimu wawili nyuma yake. Kumbe walikuwa kwenye usimamizi wa mitihani wilaya nyingine, kisha shule ikafungwa, kila mmoja akaenda kwao. Kichaka alimkalisha, akafunga kitambaa, lakini hakuuliza swali lake. Akazunguka akasimama mbele ya kiti.

"Mwalimu, nina la kuungama kwako. Ule mba ulikuwa wangu."

"Najua," akasema Mwalimu Mkuu. "Fundi, mimi mba niuweke wapi?"

"Na mafuta ulinunua."

"Natia bawaba za mlango wa ofisi. Haujalia tena."

Walimu kwenye benchi walicheka, na mimi nyuma ya pazia. Kichaka hakucheka. "Sasa kwa nini uliendelea kuja?"

Mwalimu Mkuu alishusha sauti, ikabidi nisogee karibu. "Nina miaka ishirini sina nywele. Vinyozi wengine nikiingia wanatazamana. Wewe peke yako unaniuliza tupunguze kiasi gani."

Kichaka akarudi nyuma ya kiti, akamuuliza, na Mwalimu akafikiri kwanza, akasema kidogo tu, pembeni.

Walipoondoka wote mume wangu aliketi kwenye kiti kile. Akajifunga mwenyewe kile kitambaa cheusi, akaninyooshea mashine bila kunitazama. Yeye hajawahi kumpa mtu kichwa chake, hata siku ya harusi yetu alijinyoa. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Mimi nina ulimi, kila mtu anajua, na maneno ya utani yalinijia matatu kwa mpigo. Nikayameza. Nikasimama nyuma yake kwa adabu.

"Leo tupunguze kiasi gani, bwana?"

Akafikiri kwanza.

"Zote," akasema. "Ila taratibu."