Bolti Yenye Mstari Mweupe

Fundi mmoja wa magari walimwita Baruti, na jina hilo hakupewa bure. Gari lililoharibiwa na fundi mwingine likifika kwake, mtaa mzima utajua kabla hajafungua boneti.

Siku moja moto ulimwangukia dada yake.

"Mara ya tatu hii unakuja na wimbo uleule! Usukani unacheza, usukani unagonga! Hivi wewe mdogo wangu, kuendesha ulifundishwa na nani?"

Dada akabwaga ufunguo mezani, katikati ya spana. "Kaka, wanaopanda gari hili kila asubuhi kwenda shule ni watoto wako. Ule mteremko unaujua. Leo kwenye kona nimezungusha usukani, gari likachelewa kugeuka. Siligusi tena mpaka uliangalie!"

Baruti akaingia garini akinung'unika. Akatikisa usukani. Ulizunguka upana wa vidole vinne kabla tairi hazijasogea. Lo! Akajikunja chini na tochi, pale karibu na kanyagio, ambapo mhimili wa usukani huingia ndani ya kiungo cha chuma na bolti moja huufunga. Mhimili haukuingia mpaka mwisho. Ulishikwa ncha tu, na bolti ilipita mbele yake, haijashika kitu.

"Mjinga gani kafanya hivi?" akanguruma. "Muuaji! Huyu hata baiskeli asiguse! Nitajieni jina lake nikamvunje mikono!"

Mafundi wenzake wakacheka, walishamzoea.

Akafuta grisi aone vizuri. Kwenye kichwa cha bolti ukatokea mstari mweupe wa rangi, umenyooka mpaka kwenye kiungo. Pale gereji ni yeye peke yake mwenye desturi hiyo: akishakaza bolti huipiga mstari, ili ikilegea ajue. Na hii haikulegea hata kidogo. Aliikaza mwenyewe mwezi uliopita, alipobadilisha kiungo, akapiga rangi yake, akaenda zake. Dada alipolalamika mara mbili, hakuinama hata kuchungulia. Yeye tena, akosee!

Hasira yote ikamgeukia mwenyewe.

"Ni mimi," akasema.

"Sasa tukuvunje mkono upi, Baruti?" mmoja akauliza. Dada hakucheka.

Akaitoa bolti, akausukuma mhimili mpaka ukagota, akafunga bolti mpya na kuikaza kwa nguvu zake zote. Akajaribu usukani. Tairi zikafuata papo hapo.

"Tayari."

"Hata mwezi uliopita ulisema tayari!" Dada akafoka. "Nimekwambia mara mbili, ukanicheka mbele ya watu. Haya nijibu, fundi: kesho niwapakie watoto wako?"

Baruti akaokota tochi, akarudi chini ya usukani kukagua upya.