Siku ya Kuombewa Gari la Binti Yangu

Kwa kuwa habari hii imesimuliwa visivyo mara nyingi mno katika mikusanyiko yetu sisi Wakenya wa ughaibuni hapa Campbelltown, naona ni wajibu wangu kuiweka sawa.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alinunua gari jipya, lake la kwanza maishani, la chapa ya Ulaya ambayo nilipokuwa serikalini kule Nairobi nilizoea kuiona ikiwabeba mabalozi. Wiki ile ile alipolichukua, ikatangazwa kwamba kampuni ya Kichina imeinunua chapa hiyo. Nasi kanisani kila gari jipya huombewa uwanjani baada ya ibada. Zamu yake ilikuwa Jumapili iliyofuata.

Ibada ilipokwisha, tukiwa kwenye chai, utani ukaanza.

“Pasta, leo tuombe kwa Kichina?” aliuliza mzee mmoja wa kanisa. “Maskini dada yetu! Amelipa bei ya Mzungu, akapewa gari ya Mchina!”

Walicheka hadi chai ikamwagika. Binti yangu akaninong’oneza, “Baba, twende nyumbani. Sitaki kusimama pale wanicheke.”

Nilikasirika, wala siombi radhi kwa hilo. Nilisimama nikawaeleza kwa utaratibu kwamba gari lile liliundwa Ulaya kabla ya ununuzi huo. Na hata lingeundwa Uchina, aibu iko wapi? Watu waliodharauliwa miaka nenda miaka rudi wamekwenda sokoni wakanunua jina kubwa la Ulaya. Sisi, ambao babu zetu walikatazwa na Wazungu kupanda kahawa katika ardhi yao wenyewe, ndio wa kuwacheka?

“Haya, Mzee, yaishe,” akasema yule mtani. “Tukaombe.”

Tukalizunguka gari, akina mama wakiimba. Pasta akapokea funguo kwa binti yangu, akanikabidhi mimi, akafumba macho. “Bwana, twakushukuru kwa mzee wetu na gari hili ulilompa…”

Nilimkatiza. Najua kukatiza maombi si adabu, nimelelewa kanisani.

“Samahani, Pasta, hapo parekebishwe. Mimi sina gari. Mwenye gari ni huyu. Amelipata kwa kuwageuza na kuwaosha wagonjwa wa watu.”

“Lakini wewe ndiye baba,” mtani akaguna.

“Ndiyo. Na ndiyo sababu nasema.”

Nikamrudishia binti yangu funguo. Pasta akaanza upya, safari hii akamtaja yeye, na mikono ya akina mama ikahamia mabegani mwake. Machozi yalimtoka, lakini hakuinamisha kichwa. Katika utumishi wangu wote nilihudhuria hafla nyingi za heshima. Hakuna iliyonijaza kifua kama ile.

Baada ya “Amina”, aliyetangulia kufungua mlango ni yule mtani.

“Nizungushe mtaani, dada, nione inavyokimbia.”

“Funga mkanda kwanza, Mzee,” binti yangu akamjibu, akakaa kwenye usukani.