Karanga Zinaniua

Mwanangu, kuna mchana mmoja nikiukumbuka, hata leo mate hunikauka. Nilikuwa kijana, nauza baga kwa Mama Nakijwa pale Same, kando ya barabara kuu. Watu walifuata sosi zangu kuliko nyama: ya embe bichi, ya ukwaju, na ile ya tangawizi ya milimani na karanga za kusaga, ambayo naapa ingemwinua ng'ombe aliyekwisha chinjwa! Chupa hazikuwa na maandishi. Nilizijua kwa rangi za vifuniko, basi.

"Karibuni, baga hizi zinaua!" ndiyo ilikuwa kelele yangu.

Akaja mwalimu mmoja wa shule ya Bendera, dada mcheshi, anasubiri basi.

"Dada, nikuwekee ya karanga?"

"Wee! Karanga zinaniua, kaka," akanijibu, huku amegeukia barabarani kutazama basi lake.

Mimi ambaye kila kitu kwangu kiliua, nikasikia sifa. Nikammiminia vijiko vitatu.

Alitafuna mara mbili tu. Midomo ikavimba, sauti ikakatika, akajishika koo huku ananitazama. Macho yale, mwanangu! Mama Nakijwa alisimamisha gari la vitunguu, tukampakia, na njia nzima nikawa nasikiliza pumzi zake, kila moja nikiogopa kuwa ndiyo ya mwisho. Hospitalini walimpokea mbio, wakafunga mlango. Sijui tulikaa pale nje saa moja au mwaka mzima.

Hatimaye muuguzi akatoka. "Anapumua. Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine."

Mama Nakijwa hakunigombeza. Tuliporudi alinipa kalamu na kipande cha karatasi. "Andika karanga, tubandike kwenye chupa."

Nikamrudishia kalamu. "Mama, sijui kuandika."

"Na kusikiliza, hujui pia?"

Wiki ile ile nikaanza darasa la usiku. Neno la kwanza kuandika, kabla hata ya jina langu, lilikuwa karanga.

Basi, mwanangu, mtu akikwambia kitu kinamuua, usidhani ni sifa, muulize. Unachomlisha mtu kitaje, na chupa iandike. Mungu akupe masikio makubwa kuliko mdomo wako, na kila atakayekula mkononi mwako aondoke kwa miguu yake mwenyewe.