Biasha na Karo la Nyumba ya Popo

Biasha alipelekwa chumba cha ramani kama adhabu, na ofisi nzima ilijua. Alikuwa mpiga chapa, mzaliwa wa Njinjo, mama wa watoto watatu wakubwa, na mdomo wake haukujua cheo cha mtu. Siku moja kikaoni, bosi wao, Injinia Leonard, alieleza kwa saa nzima umuhimu wa kutunza muda. Biasha akanyoosha mkono. "Na huu unaoutumia sasa ni wa nani?"

Kesho yake akakabidhiwa ufunguo wenye kutu.

Chumba kilikuwa nyuma ya ofisi ya ujenzi, mjini Lindi. Ramani za majengo ya miaka sabini zilikuwa zimesokomezwa kwenye mifuko ya saruji. Mchwa walishakula zahanati mbili na nusu ya mahakama. Mende walikuwa wametaga juu ya nyumba ya mkuu fulani, na Biasha aliona hawakukosea sana.

Nusura alie. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaanza. Alizikunjua moja moja, akazikandamiza kwa mawe ya ufukweni zinyooke, akazipangusa vumbi kwa brashi laini, akaandika kwenye rejista: mahali, mwaka, mchoraji, karatasi au kitambaa, nzima au mbovu. Kila moja akaipa namba na kuilaza bapa rafuni. Akaongeza safu moja ambayo hakuagizwa: jina ambalo watu wenyewe huliita jengo. Kwa hilo alimfuata Mzee Abilahi, fundi mwashi mstaafu aliyejenga nusu ya mji na kuisema vibaya nusu iliyobaki.

Leonard alipoikagua rejista, macho yalimtoka.

"Mama Biasha, huu ni waraka wa serikali. 'Nyumba ya Popo' ndiyo nini?"

"Ndiyo Jengo Namba Kumi na Nne, Injinia. Kamuulize mtu yeyote hapa mjini Jengo Namba Kumi na Nne lilikuwa wapi, atakuonea huruma."

"Futa."

"Nimeandika kwa wino."

Mwaka uliofuata ukaja ugeni wa kuweka jiwe la msingi la ukumbi mpya. Leonard akachagua kiwanja kitupu, akaagiza jukwaa lijengwe katikati. Mzee Abilahi alipita pale, akaenda moja kwa moja hadi kwa Biasha.

"Mwanangu, wanaweka jukwaa ilipokuwa Nyumba ya Popo. Nyumba tuliibomoa, lakini karo la choo sikumbuki kulifukia."

Hazikupita hata dakika mbili, ramani ikawa mezani. Karo lilikuwa na kina cha futi kumi na nne, limefunikwa kwa zege jembamba, na mahali palipopangiwa kiti cha mgeni rasmi pameangukia juu yake barabara, ungedhani pamepimwa kwa kamba.

Biasha akaichukua mbiombio hadi kwa Leonard.

"Mama, hiyo ni ya enzi za mkoloni," Leonard akasema, jicho kwenye simu.

"Na mavi yaliyomo ni ya enzi hizo hizo, ashakum si matusi. Shimo halijifukii kwa uzee."

Leonard akacheka tu. Biasha akarudi nyumbani na hasira, ugali haupiti. Kilichomtisha zaidi ni kwamba kipande cha moyo wake, Mungu amsamehe, kilitamani kumwona mgeni rasmi akizama na hotuba yake.

Siku moja kabla ya sherehe, lori la viti lilirudi nyuma kiwanjani, Leonard akilielekeza kwa mikono miwili. Ardhi ikacheua. Magurudumu ya nyuma yakazama, dereva akaruka salama, na Leonard, aliyekuwa ukingoni, akaingia hadi magotini. Harufu ilifika sokoni kabla ya habari.

Akaja mlangoni pa chumba cha ramani suruali ikidondosha, wakati Biasha ametandaza ramani ya zahanati sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo, usinichafulie zahanati."

"Una ramani... ya kiwanja kingine?"

Alikuwa nayo. Jukwaa likahamishiwa uwanja wa shule, na mgeni rasmi akausifu sana uongozi makini wa Injinia. Watu wakapiga makofi. Biasha naye akapiga, pilau ikiwa shavuni.

Siku hizi pale Lindi hakuna anayechimba msingi kabla ya kupitia kwake. Amepata makabati ya chuma na feni. Leonard alimwomba aandike masharti ya chumba, Biasha akaandika moja tu: nawa mikono kwanza, hata kama ni mkubwa.