Shamba Lililoamkia Ng'ambo

Mungu amrehemu Tuneya, kwa maana alipokuwa hai hakuna aliyebaki na neno la mwisho mbele yake. Alikuwa mwanamke mfupi, wa sauti ndogo, asiye na haraka. Alikuacha umalize maneno yako yote, akajifunga leso yake vizuri, ndipo akajibu. Jibu lenyewe halikuwa refu, lakini ulirudi nalo nyumbani ukilicheka, au likikucheka wewe.

Aliyemkaribia kwa maneno ni Barwako, mama wa wafugaji wa Kiorma, aliyepita kila asubuhi na kibuyu cha maziwa.

"Barwako dada yangu," Tuneya alimwuliza siku moja, akichungulia ndani ya kibuyu, "maziwa haya umemkamua ng'ombe au umeukamua mto?"

"Ng'ombe. Lakini alikuwa amesimama mtoni."

"Ungeniambia mapema, nije na ndoana."

Wakacheka wote wawili, na maziwa yakanunuliwa.

Ndivyo alivyoishi, karibu na kijiji cha Wema, tangu mumewe alipofariki na kumwachia watoto watatu na shamba moja la ukingoni. Chini alipanda mpunga, katikati mahindi, juu migomba. Maneno yalikuwa mchezo wake. Shamba ndilo lililowalisha watoto.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, mto Tana ulifurika. Watu walihamia sehemu za juu na kuku wao na vyungu vyao, wakakaa huko siku tisa wakimwomba Mungu. Walipoteremka walikuta mto umekata njia mpya, umenyooka, na mkondo wa zamani umebaki dimbwi. Shamba la Tuneya halikumegwa hata shubiri moja. Lilikuwa palepale, na migomba yake imeinama lakini hai. Ila sasa lilikuwa ng'ambo.

Ng'ambo ni kijiji cha akina Gunga. Na Gunga, ambaye naye hakuzaliwa bubu, alitangaza kwamba shamba hilo limekuja kwao lenyewe, kwa miguu yake, na mgeni wa namna hiyo hafukuzwi. Ikabidi wazee wa pande zote mbili wakutane katika gasa, baraza la Wapokomo, waamue.

Jioni ya kuamkia baraza, Komora, kaka yake Tuneya, alimwendea.

"Kesho nitasema mimi," alimwambia. "Wewe utakaa nyuma na kina mama. Ukianza mizaha yako, wazee watasema tumekuja kucheza."

"Sawa, kaka. Nitanyamaza. Na ukikwama?"

"Sitakwama."

"Nauliza tu, ili nijue nikae karibu au mbali."

Alikaa karibu.

Komora alikuwa mtu mwema, lakini maneno yake yalitoka moja moja kama wazee wanaotoka msikitini. Alieleza kwamba shamba lilikuwa la marehemu shemeji yake, na kabla yake la baba wa shemeji yake, na alipofika kwa babu, Gunga aliinuka.

"Wazee wangu," alisema kwa upole, "tangu zamani mpaka wetu ni mto. Upande ule wao, upande huu sisi. Mimi sikuuhamisha mto. Aliyeuhamisha ni Mwenyezi Mungu. Ndugu yangu Komora amekuja kushindana na Mungu?"

Komora akaketi. Nani angetaka kusikika, mbele ya watu wazima wote wale, akibishana na Muumba wake? Tuneya aliona migomba yake inaondoka. Aliwaona watoto wake wakienda kuomba unga kwa majirani. Akasimama.

Mzee Jilo, aliyeongoza baraza, alimtazama. "Mama, nani amekuruhusu kusema?"

"Hakuna, baba. Hata nilipokuwa nikilima hakuna aliyeniruhusu, na mpunga wangu mlikula."

Mzee Jilo alijifuta mdomo kwa kiganja ili asionekane akitabasamu. "Sema basi. Lakini uwe mfupi."

"Mfupi nimeshakuwa, baba." Akamgeukia Gunga. "Ndugu yangu, juzi nilivuka nikalala kwa shangazi yangu, upande wenu. Na kilicho upande wenu ni chenu. Kaka Komora, mahari yangu ulipokea?"

Watu wakaangua kicheko, na Gunga mwenyewe akacheka. "Mahari ningeleta," alisema, "lakini ulimi huo nyumbani kwangu ungelala wapi?"

Kicheko kikazidi. Mzee Jilo aliinua fimbo yake mpaka pakatulia.

"Kucheka tumecheka," alisema. "Shamba bado liko ng'ambo."

Hapo Tuneya alielewa. Miaka yote, akiwachekesha watu, alikuwa ameshinda. Leo wangeweza kucheka wote mpaka machozi, na yeye akarudi nyumbani bila shamba. Akajifunga leso yake upya, taratibu.

"Ni kweli, aliyehamisha mto ni Mungu, na mimi sina ugomvi na Mola wangu. Lakini alichohamisha ni maji. Udongo ameuacha palepale alipouweka, na jasho la marehemu mume wangu limo ndani yake. Anayetaka kuuhamisha udongo leo ni Gunga."

"Mpaka ni mpaka," Gunga alijibu.

"Haya, tushike sheria yako. Kule kwenye kona ya juu mto umeanza kutafuna ukingo wenu. Kila mtu hapa ameona. Masika ijayo ukikata pale, nyumba yako na za ami zako zitaamkia kwetu. Niambie sasa, mbele ya wazee, siku hiyo nikupokee kama mgeni, au kama mali yangu?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Ami yake Gunga, ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kona hiyo, alisema bila kuinuka, "Gunga, keti."

Wazee walijitenga, wakarudi upesi. Mto ungebaki mpaka wa vijiji, lakini mwenye kulima angeendelea kulima popote shamba lake lilipoamkia, na akina Gunga wampe njia ya kutoka mtoni. Ikasomwa Fatiha, watu wakatawanyika.

Asubuhi yake Komora alimvusha dada yake kwa mtumbwi. Walikuta kila mgomba ulioinama umewekewa mti wa panda wa kuuegemeza, na miti hiyo, iliyokwisha kukauka, ilikuwa imekatwa siku kadhaa kabla ya baraza. Gunga alikuwa amesimama kando, panga mkononi.

"Ndugu yangu," Tuneya alimwuliza, "ulikuwa ukisimamisha migomba ya nani?"

"Ya atakayeshinda."

Tuneya alijifunga leso. Komora, aliyekuwa akiufunga mtumbwi, alimaliza fundo, akalifungua, akalifunga tena, na dada yake alikuwa hajajibu.

Mwishowe Tuneya alilichukua lile panga, akakata mkungu uliokomaa, akamkabidhi Gunga.

"Huu nimekupa mimi," alisema. "Usije ukasema umeletwa na mto."